Wakili Haingii Barazani

NEEMA: Karibuni tena. Leo nina ujumbe wa sauti wa dada mmoja wa Mbagala, dakika nne nzima, nitaufupisha. Mume kahama. Mtoto wao wa miaka 5 kapelekwa Tanga kwa bibi yake mzaa baba. Dada anauliza: wakili wa talaka ni shilingi ngapi?

BARAKA: Uwakili ndio unaonilisha, lakini pesa yake aiweke kwanza. Aende baraza la usuluhishi wa ndoa. La kata lipo, na taasisi za dini nazo zina mabaraza yao. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101: bila kupita huko, mahakama haipokei shauri la talaka.

NEEMA: Na wewe unamsindikiza?

BARAKA: Nikimsindikiza, naishia mlangoni. Sheria inamkataza wakili kusimama pale. Akitaka wa kumsemea, awe mtu wa familia yake.

NEEMA: Kumbe! Shangazi anaruhusiwa, wakili anafukuzwa.

BARAKA: Ndiyo maana yake, pale watu wanapatanishwa, hawashtakiani. Na baraza halivunji ndoa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo isiwe imepitisha miezi 6 siku ya kufungua shauri. Watu wanaiweka kabatini mwaka mzima! Kuna mashauri yamefika hadi Mahakama ya Rufani, yakaanguka kwa sababu ya karatasi hiyo tu.

NEEMA: Mume akiwa katoweka kabisa?

BARAKA: Kama amemtelekeza na hajulikani alipo, hapo sheria inamruhusu kwenda mahakamani moja kwa moja. Lakini huyu dada anajua mumewe alipo, si ndiyo?

NEEMA: Anajua. Yuko Temeke, na amejenga. Sasa mtoto, wakili. Mtaani tunaambiwa akitimiza miaka saba anarudi kwa baba.

BARAKA: Hiyo miaka saba imepotoshwa sana. Kifungu cha 125 kinasema mtoto wa chini ya miaka 7 anadhaniwa ni vema akae na mama, na baba anaweza kuleta ushahidi kinyume chake. Hakuna pahali paliposema siku ya kuzaliwa kwake ya saba anafungashiwa begi. Mahakama inatazama ustawi wa mtoto, na akiwa na umri wa kujieleza anasikilizwa. Afisa ustawi wa jamii naye anaweza kuagizwa aende akaone anapoishi.

NEEMA: Hata huko Tanga?

BARAKA: Hata huko. Tena hili halisubiri talaka. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 anaweza kuomba kukaa na mwanawe sasa hivi, pamoja na matunzo.

NEEMA: Anasema hana kazi, kwa hiyo nyumba ya Temeke haimhusu.

BARAKA: Asikubali! Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kiasi gani, hapo ndipo ushahidi unapohitajika, na hapo wakili ana kazi. Hana pesa, atafute msaada wa kisheria. Upo kwa sheria ya 2017.

NEEMA: Mwisho kabisa, cheti cha ndoa kiko kwa mume.

BARAKA: Asimbembeleze. Kama ndoa ilisajiliwa, aende RITA, wakala wa serikali wa usajili, akaulizie nakala.