Daktari Anakuona, Lakini Je, Amekupima?

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Amu, kuanzia Mkomani na Langoni hadi Shela na Matondoni. Nazungumza nanyi nikiwa jikoni kwangu hapa Leicester, na mkononi nina simu yenye picha ya kadi ya kliniki ya mama yangu, ambayo mdogo wangu alinitumia wiki iliyopita. Safu ya presha imejazwa kila mwezi kwa wino wa buluu, na ya sukari vilevile, lakini safu ya uzito ni tupu tangu juu hadi chini, isipokuwa mstari mmoja ulioandikwa kilo 84. Mama ana urefu wa mita 1.56. Ukizidisha urefu huo kwa wenyewe, kisha ukagawa uzito kwa jibu unalopata, utafikia 34 na ushei, ilhali kwa kipimo hicho cha BMI uzito huhesabiwa umezidi kuanzia 25, na kuanzia 30 huhesabiwa ni unene wa maradhi.

Msikimbilie kusema kwamba huo ni uzembe wa kwetu. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa daktari wangu wa hapa mara tatu kwa maumivu ya goti, akaniandikia dawa, akanipeleka kupigwa picha, na uzito hakuutaja hata mara moja. Aliyenipandisha kwenye mizani ni muuguzi, tena kwa shughuli nyingine kabisa. Muda wa kumwona daktari hapa ni kama dakika 10, na mgonjwa aliyekuja na goti huondoka na goti lake.

Muda, hata hivyo, si sababu pekee, na kwa maoni yangu wala si kubwa. Jicho huzoea. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha madaktari wa familia picha za vijana wa kiume ili wakadirie unene wao kwa kutazama tu, na mara nyingi waliozidi uzito wakadhaniwa kuwa ni wa kawaida, kwa kuwa daktari naye hulinganisha na watu anaokutana nao kila siku. Sasa mfikirie daktari anayemtibu mama yangu mwaka hadi mwaka, huku mama akiongezeka nusu kilo leo na nusu kilo mwakani, ndani ya buibui ambalo hata sisi wanawe hatuoni kilicho chini yake. Atauona wapi mwili huo ukibadilika?

Kisha kuna jambo ambalo wenzangu wa huku hawalielewi ninapowasimulia. Wao huogopa kumwambia mtu kwamba amenenepa kwa sababu kwao ni tusi. Kwetu, mtu akirudi kutoka safari akaambiwa mashallah, umenawiri, hiyo ni dua na heshima, na anayepungua huulizwa kama anaumwa au ana matatizo nyumbani. Kwa hiyo daktari anayemwambia mama wa makamo apunguze kilo, naye ni jirani atakayekutana naye arusini Alhamisi ijayo, anaweza kusikika kama mtu anayehesabu neema ya mwenzake, na sote tunajua kijicho kinavyoogopwa Amu. Ni rahisi zaidi kuandika dawa ya presha na kunyamaza.

Hofu hiyo, walau hapa Uingereza, ilipopimwa ilionekana kuwa kubwa kuliko inavyostahili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, madaktari wa familia walitumia takriban nusu dakika, mwishoni mwa mazungumzo ya maradhi mengine, kuwaeleza wagonjwa wanene habari za uzito wao. Kati ya wagonjwa 1,882, walioona maneno hayo hayafai wala hayasaidii hawakufika hata mmoja katika kila mia. Waliopelekwa moja kwa moja kwenye mpango wa kupunguza uzito walikuwa wamepungua wastani wa kilo 2.4 baada ya mwaka, na walioshauriwa tu, kilo 1. Si nyingi, nakubali, lakini presha na sukari huanza kusikia dawa vizuri zaidi mtu akipungua hata asilimia 5 ya uzito wake, ambayo kwa mama ni kama kilo 4.

Nilipompigia simu jana, nilimwomba achukue futi ya fundi cherehani aliyoiweka kwenye kibweta cha nyuzi, ajipime kiuno, kwa kuwa kiuno kisizidi nusu ya urefu, yaani kwake sentimita 78. Alicheka sana, akasema futi yenyewe imeliwa na panya kuanzia sentimita 90. Jumatatu ana kliniki. Nimemsihi avue viatu, avae dira jepesi ndani ya buibui, na kabla hajakaa kitini amwambie daktari, «Mwanangu, nipime uzito kwanza.»