Kwa Nini Simu Hazitoki
Mhadhara uliotolewa mbele ya wafanyabiashara na mafundi wa simu, Ngome ya Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu mliofunga maduka mapema mkaja hapa Ngomeni, ahsanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mwenye duka la simu hapa mjini analilalamikia: mali haitoki. Simu zimepangwa kabatini, bei imeteremshwa, mteja anaingia, anauliza, anaishika, anaigeuzageuza, kisha anairudisha na kuondoka na kava. Wengine mnasema ni hali ngumu ya maisha. Wengine mnamlaumu jirani aliyefungua duka mlango wa pili. Hali ngumu ipo, sikatai, na majirani wameongezeka kweli. Lakini kilio hiki si cha mtaa wetu wa Langoni peke yake. Kinaliliwa Seoul, kinaliliwa Shenzhen, kinaliliwa California, na kimeanza kitambo.

Kampuni ya utafiti ya IDC huhesabu simu zinazotoka kwa watengenezaji kwenda sokoni. Kwa hesabu zake, mwaka 2013 simu janja zilivuka bilioni moja kwa mwaka kwa mara ya kwanza. Mwaka 2016 zikafika karibu bilioni 1.47, na hapo ndipo zilipokoma kupanda. Tangu hapo zimekuwa zikishuka, zikinyanyuka mwaka mmoja na kushuka tena, mpaka 2023 zikawa kama bilioni 1.17. Mwaka 2024 zilirudi juu, karibu bilioni 1.24, ila hata hizo ziko mbali na zile za 2016. Na katika miaka hiyo yote watu duniani hawakupungua, wala sijasikia mji ulioacha kutumia simu. Basi wanunuzi walikwenda wapi?

Hawakwenda popote. Wako na simu zao mfukoni.

Tufanye hesabu pamoja, na wenye kalamu waandike. Tuseme mtaa mmoja una watu 1,200 wenye simu janja, na kila mmoja hubadilisha simu kila baada ya miaka miwili. Kwa mwaka mtauza simu 600. Sasa watu hao hao, bila hata mmoja kupungua, waanze kukaa na simu miaka mitatu. Mtauza 400. Wakikaa nazo miaka minne, mtauza 300. Nusu ya biashara imeondoka, na hakuna mteja aliyehama wala aliyekuchukia. Ameridhika tu na simu aliyonayo. Msichukue jambo jingine lolote katika maneno yangu ya leo, chukueni hili, kwa sababu mwenye duka asiyelijua hudhani kosa liko kwenye bei yake, akaendelea kuikata mpaka faida ikaisha.

Zamani haikuwa hivi. iPhone ya kwanza iliuzwa Juni 2007, na simu ya kwanza ya Android ikatoka mwaka uliofuata. Kuanzia hapo, kwa miaka kama kumi, wauzaji walikuwa wakiuza kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na simu janja. Mtu huyo alikuwa na mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe na tochi. Ukimwonyesha picha, ramani na WhatsApp, hakuna haja ya maneno mengi. Walianza Wamarekani na Wazungu, wakaja Wachina kwa mamia ya milioni, wakaja Wahindi, tukaja sisi. Mnunuzi wa mara ya kwanza ni riziki kubwa, lakini hununua mara ya kwanza mara moja tu. Akishanunua, simu mpya unayomwuzia haishindani tena na mulika mwizi. Inashindana na simu nzuri ambayo tayari anayo, na ambayo bei yake imeshalipwa.

Na simu hiyo ni nzuri kwa sababu ya ushindani. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana watu wengi hudhani ushindani unapunguza mauzo kwa kuwagawa wateja tu. Unafanya zaidi ya hapo. Tazameni simu inavyotengenezwa. Kampuni nyingi hununua vifaa kutoka kwa watu wale wale: jicho la kamera kutoka Sony, chipu inayoiendesha simu kutoka Qualcomm au MediaTek, kioo kutoka Samsung au viwanda vya China. Mmoja akileta jambo jipya, mwenzake analo baada ya miezi michache, na baada ya miaka miwili liko kwenye simu ya bei ya chini. Alama ya kidole ya kufungulia simu ilikuwa ya matajiri. Leo iko kwenye simu anayobeba kijana wa boti za Mokowe. Kwa hivyo ukiziweka mezani simu ya miaka minne iliyopita na ya mwaka huu, M-Pesa inapita kwenye zote mbili, video inacheza, picha ya harusi inatoka. Kampuni zimeshindana kwa bidii mpaka zimemfikisha mteja mahali ambapo hana haraka.

Waangalieni hawa wenye Tecno, Itel na Infinix. Zote tatu ni za nyumba moja, Transsion ya Shenzhen. Walikuja Afrika wakatazama watu wanaishi vipi. Wakaona mtu ana laini mbili, wakaweka laini mbili. Wakaona umeme hukatika, wakaweka betri kubwa. Wakaona kamera za wengine haziwatendei haki watu weusi, wakazirekebisha zao. Huo ni ufanyabiashara wa kumheshimu mteja, na ndio uliowapa soko la bara hili. Lakini nao sasa wamefika pale pale: simu waliyokuuzia ina betri inayodumu, basi urudi dukani kufanya nini?

Wakubwa wengine hawakuhimili. Nokia, ambayo sote tuliishika, mwaka 2013 ilikubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu. LG ya Korea ilitangaza Aprili 2021 kwamba inaacha simu kabisa, baada ya kupata hasara miaka kama sita mfululizo, jumla yake karibu dola bilioni 4.5. Hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Huawei kisa chake ni kingine, kile ni vikwazo vya Marekani vya 2019, na sitakiingia leo.

Nataka nikae kidogo kwenye kisa cha Apple, kwa kuwa kinawahusu mafundi waliokaa hapa mbele. Mwaka 2017 walitoa iPhone X, bei yake ikianzia dola 999. Mwisho wa mwaka huo huo ikajulikana kwamba walikuwa wakipunguza kasi ya simu za zamani zenye betri iliyochoka. Watu wakakasirika. Ili kuwatuliza, Apple wakateremsha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Kisha tarehe 2 Januari 2019, Tim Cook, mkuu wa kampuni wakati ule, akawaandikia wawekezaji barua. Walikuwa wametarajia mapato ya dola bilioni 89 hadi 93 kwa robo ya mwisho ya 2018. Akawaambia watapata kama bilioni 84. Akataja uchumi wa China kuzorota, na hilo alilipa uzito mkubwa kuliko yote. Akataja dola kuwa ghali. Akataja kwamba kampuni za mitandao ya simu haziwapunguzii tena watu bei ya simu kama zamani. Na akataja, kwa maandishi yake, wateja waliotumia nafasi ya kubadilisha betri kwa bei nafuu.

Mmeona, mafundi? Betri ya dola 29 ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoizuia simu ya dola elfu moja isiuzwe, na aliyekiri ni mwenyewe muuzaji.

Kwenye mlango wa nyuma wa soko hili ndipo wanapokaa mafundi wetu. Juzi nilisimama pale Langoni nikimtazama kijana akishughulikia simu iliyotumbukia baharini mtu akishuka kwenye boti. Aliipasha mgongo kwa hewa ya moto mpaka gundi ikalegea, akaingiza kadi nyembamba pembeni, akaufungua taratibu. Ndani, pembeni ya tundu la chaji, palikuwa na kutu ya kijani. Maji ya chumvi hayana subira na shaba. Akatoa betri kwanza, akachukua mswaki mkuukuu, akauchovya kwenye spiriti, akasugua pini moja moja, akapuliza, akatazama kwa lenzi, akasugua tena. Tundu la chaji halikupona, akalikata na kuchomea jingine. Simu ikawaka. Mwenyewe alilipa pesa ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya simu mpya, akaondoka akishukuru.

Mwenye jahazi zima halijengi jipya kila kaskazi. Hulipandisha pwani akalikalafati. Yule kijana alifanya biashara ya simu siku ile, na duka la mlango wa pili halikufanya. Pesa haijatoka kwenye simu. Imehama kutoka kwenye kuuza hadi kwenye kutunza.

Na watengenezaji wenyewe wanazidi kuurefusha umri wa simu. Google walianza na Pixel 8 Oktoba 2023, na Samsung wakafuata na Galaxy S24 Januari 2024: miaka saba ya masasisho ya programu. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, umeweka sheria kwamba vipuri vya simu vipatikane kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kinachoiua simu haraka siku hizi mara nyingi si chuma, ni programu. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za programu ya zamani, Android 4.4, mwanzoni mwa 2025, na wazee wetu wengine walidhani simu zimeharibika.

Sasa nageukia upande wa pili, unaoniuma zaidi. Nimesema sana juu ya mtu mwenye simu nzuri. Lakini yuko mama kule Faza, kisiwani Pate, yuko mvuvi wa Kizingitini, anayeitaka simu janja ya kwanza na hajaipata. Kwa hivyo soko letu limekwama kwa namna mbili kwa wakati mmoja: mwenye uwezo hana haja, na mwenye haja hana uwezo. Duka lako liko katikati yao.

Kwa nini hana uwezo? Tazameni shilingi ilivyoanguka 2023. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Mwisho wa mwaka ule ikawa kama 157. Simu ya dola 100 ilipanda kwa zaidi ya shilingi elfu tatu bila kuongezwa hata skrubu moja. Tazameni kodi. Mwaka 2009 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwenye simu, na zikaenea. Mwaka 2013 ikairudisha. Mwaka 2022 ikaongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje. Ongezeni nauli ya mzigo kutoka Mombasa hadi Mokowe, na boti ya kuvuka. Kuna kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River Oktoba 2023, ni jambo jema, lakini vifaa vyake vingi bado vinatoka nje na vinalipiwa kwa dola. Mimi nasema wazi kwamba kuitoza kodi simu ya kwanza ya maskini kwa kiwango kile kile cha simu ya anasa ni kosa, na wabunge wetu wa Pwani walisemee.

Simu za mkopo zimesaidia. Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, kwa malipo yaliyoanzia shilingi 20 kwa siku, na wengine wakafuata. Lakini jueni mambo mawili. Jumla ya malipo huwa juu ya bei ya pesa taslimu, na ukichelewa simu hujifunga. Kwa mvuvi, wakati wa kusi bahari ikichafuka, kuna wiki nzima hapati kitu. Anayetaka kuuza kwa mkopo hapa Lamu apange malipo yafuate misimu ya bahari, si kila siku ya Mungu.

Na kuna jingine. Mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda sana, kwa kuwa kampuni tatu zinazozitengeneza kwa wingi, Samsung, SK Hynix na Micron, zimeelekeza nguvu kwenye kompyuta kubwa za akili bandia, ambazo zina faida nono. Simu ya bei ghali inaweza kuimeza nyongeza hiyo. Ya bei rahisi haiwezi, faida yake ilikuwa nyembamba tangu awali. Itapanda bei, au itapunguziwa nafasi ya kuhifadhi.

Kwa hivyo, mwenye duka, kabla hujaagiza kasha jingine la simu mpya, weka betri halisi, vioo na tundu za chaji za zile modeli zilizojaa mjini. Unazijua, unaziona mikononi mwa watu kila siku. Mpe fundi meza ndani ya duka lako. Nunua simu zilizotumika, zikaguliwe, zisafishwe kabisa taarifa za mwenyewe wa kwanza, uziuze kwa dhamana ya maandishi ya miezi mitatu. Yule mama wa Faza huyo ndiye mteja wako, na simu yake huenda iko kwenye droo ya mtu wa Mkomani, hapa hapa mjini, sasa hivi.

Naona mikono imeinuka. Tuanze na upande wa kina mama.