Usiige Mkono, Soma Uzi

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi kwa wote niliowasahau. Nimeambiwa nina dakika 40. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Naona mmekuja na uzi mnene, vizuri. Sindano za kroshia mnazo. Na wengine mmekuja na simu, video imeshafunguliwa, mnangoja nimalize maneno mengi ili mfuate ya huko. Hizo naomba mzizime. Sina ugomvi na simu, mimi mwenyewe jioni natazama. Ninachokipinga nimekisema kila darasa na nitakisema tena: mtu anatazama mkono wa anayefundisha, hatazami uzi. Anaiga. Ingiza, vuta, zungusha, vuta. Safu tatu baadaye anakuja analalamika, "Mwalimu, mbona yangu haifanani?" Haifanani kwa sababu mkono umefanya yote sawasawa, ila sindano imeingia pasipo. Na video haikukuonyesha inaingia wapi, kwa kuwa kidole gumba cha yule mama kilikuwa kimeziba.

Mshono wa leo ni ule unaoifanya kroshia ionekane kama sweta lililofumwa kwa sindano mbili. Mnazijua zile V zinazopandana kutoka pindo hadi shingoni. Wenye vitabu vya Kiingereza wanauita mshono wa kizibao. Hauna siri. Ni mshono mfupi uleule mnaofumia kofia ya mtoto, hatua ni zilezile, kilichobadilika ni mlango tu. Tahadhari moja kwa wanaofuata vitabu: mshono mfupi Waingereza wanauita dabo, Wamarekani wanauita singo, na dabo ya Marekani ni mshono mwingine mrefu zaidi. Angalieni kitabu kimetoka wapi kabla hamjaanza kukilaumu.

Haya, shikeni kile kipande cha mfano nilichogawa. Kigeuzeni uso. Juu kabisa kuna msuko, nyuzi mbili zimelala. Hapo ndipo wote tulipofundishwa kuingiza sindano, chini ya nyuzi zote mbili. Sasa shukeni kidogo. Chini ya msuko mnaona miguu miwili, imekutana chini na kuachana juu. Hiyo ndiyo V. Sindano inaingia katikati ya miguu hiyo na kutokea nyuma. Usipite pembeni ya mguu, na usiuchome uzi ukaupasua. Katikati. Dada mwenye kilemba cha kijani, hapo umepita pembeni. Toa, rudi.

Kwa nini inabadilika sura? Ukiingiza chini ya msuko, msuko unabaki umelala usoni kati ya safu na safu, ndio ule mstari wa mlalo unaokwambia kwa mbali kwamba hii ni kroshia. Ukiingiza katikati ya miguu, mshono mpya unakalia ndani ya ule wa chini kama vikombe vya muuza kahawa vinavyopangwa kimoja ndani ya kingine, na msuko unamezwa katikati. Kinachobaki usoni ni V juu ya V. Ukishalielewa hilo huhitaji video. Ukikosea, unatazama kazi yenyewe na inakwambia umekosea wapi.

Najua kuna mtu hapa anajisemea: mama huyu anatutesa bure, kama nataka sura ya sweta si nichukue sindano mbili nifume sweta? Swali zuri. Kama unataka sweta laini, linalovutika na kurudi, chukua sindano mbili, sitakuzuia. Huu wetu ni mnene, unakula uzi, na hauvutiki sana. Lakini kwenye sindano mbili vitanzi vyote viko hai kwa wakati mmoja. Mtoto akichomoa sindano, safu nzima ya vitanzi inaporomoka. Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja. Mtu anafuma kwenye daladala, anashuka, anaendelea akifika. Na kwa mkoba, kikapu, kofia ya baridi, ndara za ndani, unene huohuo ndio tunaoutaka.

Wa pili atasema: kwa hiyo tunaghushi? Tunafanya kroshia ijifanye kitu kisicho? Hapa mnivumilie kidogo, maana hadithi hii naipenda.

London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kuna jozi ya soksi za sufu nyekundu. Zilichimbuliwa Misri, kwenye mji wa kale wa Oxyrhynchus, na jumba lenyewe linakadiria ni za kati ya mwaka 250 na 420. Mbele zimegawanyika, kidole gumba chake na vidole vingine vyao, kwa sababu mwenyewe alizivaa na viatu vya kanda. Naam, soksi na kandambili. Vijana wanadhani wameianzisha wao. (Kicheko.)

Sasa itazameni picha hii, ipitisheni mpaka nyuma. Mnaona nini usoni? V. Zimepandana safu kwa safu, nzuri kuliko za wengi wetu humu. Kwa muda mrefu wasomi walipoziona soksi za Misri za namna hii walisema, hii ni kazi ya sindano mbili. Kwa nini waseme vingine? Sura ni ileile. Mpaka watu wakaacha kutazama sura, wakaufuata uzi: umetokea wapi, umepita chini ya nini, umerudi vipi. Dorothy Burnham, mtaalamu wa nguo kutoka Kanada, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1972. Soksi hizo zilifanywa kwa sindano moja tu, sindano yenye tundu, uzi ukikatwa vipande vifupi na kila kipande kikipitishwa chote kizima ndani ya kitanzi. Siyo kufuma kwa sindano mbili, na kroshia pia siyo, msije mkatoka hapa mkasema mwalimu kasema Wamisri walikuwa na kroshia. Ni ufundi wa tatu. Sweta ukilivuta uzi wa mwisho linafumuka lote. Kroshia nayo inafumuka, mshono mmoja mmoja. Ile ya Misri ukivuta haifumuki, kwa sababu hakuna kitanzi kilichosimama chenyewe kikingoja, uzi wote umeshapita.

Kwa hiyo ufundi mmoja kufanana sura na mwingine hakukuanza leo, na aliyezifuma soksi zile hakuwa anamdanganya mtu. Waliodanganyika walijidanganya kwa kutazama uso peke yake. Nanyi mkipewa kazi ya mtu mkaambiwa ni sweta, igeuzeni. Sindano mbili, kwa mshono wa kawaida, nyuma ina vinundu vya mawimbi vilivyobanana kote. Huu wetu nyuma una vijiti vya mlalo, mstari chini ya mstari. Wanafunzi wangu wazuri ni wale wanaoshika sweta la mtu harusini na kulipindua pindo bila kuomba ruhusa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona.

Mkono. Hili siwezi kuliruka hata tukikosa chai. Wengi wetu tulijifunza kwenye vitambaa vya makochi, kwa masista au kwenye darasa la sayansikimu, uzi mwembamba wa pamba na kisindano cha chuma, na aliyekaza ndiye aliyesifiwa. Kitambaa kikisimama chenyewe, mwalimu anafurahi. Mkono ule kwenye mshono huu ni balaa. Ukikaza, miguu ya V inagandana, safu inayofuata sindano haipati pa kuingia, unaanza kuchoma kwa nguvu, kiganja kinauma, unatupa kazi chini na kusema mshono ni mgumu. Mshono si mgumu, wewe umeufungia mlango. Lebo ya uzi ikisema sindano ya milimita 4, chukua ya 5.5 au 6. Ichague yenye ncha iliyochongoka kidogo. Ukishaingiza na kuvuta kitanzi, kiinue kwanza hadi kimo cha safu mpya ndipo uchote uzi na kumaliza. Kiinue! Nikisikia sindano inalia kwenye uzi, najua hukukiinua. Na muanze na akriliki au sufu, maana vinanyumbuka. Pamba haina msamaha, iacheni mpaka mkono uzoee.

Pia namna ya kuchota. Ukipitisha uzi juu ya sindano, miguu inatoka V. Ukiunasa kwa kuupitia chini, kwenye mshono mfupi wa kawaida miguu inapishana na kuwa X. Kuna wanaozipenda hizo X kwenye wanasesere, si kwa leo. Leo juu ya sindano.

Mengine nayapitia mbio. Safu ya kwanza msiingize katikati ya chochote, mnyororo, ule mstari wa vitanzi wa kuanzia kazi, hauna miguu. Fumeni safu moja ya mshono mfupi wa kawaida, kisha ndipo mwanze. Msigeuze kazi. Sura ni ya upande mmoja tu, ukigeuza utapata safu ya V na safu ya vijiti. Fumeni kwa raundi, au kama ni shali, mkate uzi kila mwisho wa safu na kuanza tena upande uleule. Nyuzi za kuficha zitakuwa nyingi, ndiyo sababu mimi shali sifumi hivi.

Mwanzo wa raundi unahama. Wa mkono wa kulia utahamia kulia, wa mkono wa kushoto kinyume. Haujakosea, ndivyo mshono ulivyo. Wekeni kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza na mkihamishe kila raundi. Wanaotaka kuandika jina la mtoto kwenye kofia kwa rangi mbili, herufi zitalala kidogo. Rangi mpya inaingia kwenye mvuto wa mwisho wa mshono uliotangulia, siyo baada yake.

Kofia. Msianzie utosini, kuongeza mishono kwenye V kunasumbua anayeanza. Fumeni bomba lililonyooka, kisha kazeni juu kwa uzi na sindano butu, mtie kishada. Imekwisha.

Mshono wa Tunisia, wa ile sindano ndefu yenye kizuizi, nilikuwa nimeuandaa. Leo haupo. Unajikunja pindo na utatumalizia siku nzima.

Bei, neno moja. Mteja akikwambia sweta sokoni ni rahisi kuliko kofia yako, mwambie sweta lile limefumwa na mashine. Kroshia halisi viwandani hawaifumi kwa mashine mpaka leo, kwa hiyo kila kofia ya kroshia aliyowahi kuiona popote, kuna mtu aliikalia. Kisha nyamaza, usipunguze wewe kwanza.

Haya, sindano juu. Raundi ya kwanza mshono mfupi wa kawaida, ya pili katikati ya miguu. Nitapita meza kwa meza, na nitakayemkuta amekaza mkono, namfumulia.