Natembea Lisbon Street: mji wa viwanda uliofufuliwa na watu wake

Assalaam aleikum, hamjambo wapendwa wangu wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa, na nyie mlioko Maskati na Dubai mnaoniangalia usiku usiku mkitoka kazini, karibuni tena. Leo sipo ndani, leo nipo barabarani, baridi ni kali ila tutavumilia, nataka niwatembeze mjini kati hapa ninapoishi, Lewiston, jimbo la Maine, huku juu kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani. Najua wengi jina la Lewiston mlilisikia Oktoba 2023, ule usiku mtu mmoja alipoua watu 18 kwa bunduki, mkanipigia simu mnalia, Mungu awalipe. Lakini mji huu una habari nyingine na hiyo ndiyo nataka muijue, maana kila nikipita hapa naiona Tanga yetu na roho inaniuma.

Ngoja nigeuze kamera. Haya, hii ndiyo Lisbon Street. Angalieni majengo, matofali mekundu, ghorofa tatu, ghorofa nne, chini vioo vikubwa vya fremu za maduka, juu madirisha yenye nakshi, mengi ya miaka ya 1800 na mwanzoni mwa 1900. Zamani hapa Jumamosi watu walikuwa wanasukumana, wanakuja kununua viatu, suti, magauni ya harusi, na hapo jirani Main Street kulikuwa na duka kubwa kabisa linaitwa Peck's, mtu akitaka kitu cha maana anakuja huku. Na pesa ilitoka wapi? Ilitoka kule chini mtoni. Mto unaitwa Androscoggin, una maporomoko, wakachimba mifereji maji yaendeshe mashine, wakajenga viwanda vya nguo, mkubwa wao Bates Mill ulioanza miaka ya 1850, wakitengeneza mashuka na vitandiko vilivyouzwa Marekani nzima. Wafanyakazi wengi walikuwa Wakanada wa Quebec, wanaongea Kifaransa, walikuja kwa treni familia kwa familia na kurundikana kwenye nyumba za mbao za kupanga, mtaa wao unaitwa Little Canada mpaka leo.

Halafu viwanda vikaanza kwenda kusini kwenye vibarua vya bei rahisi, baadaye vikaenda nje ya nchi kabisa, na kiwanda kikifa duka nalo linakufa, vijana wanaondoka, wazee wanabaki. Bates Mill yenyewe ilifunga milango mwaka 2001. Watu wa hapa wenye umri wananiambia Lisbon Street ilifika mahali ukipita saa kumi na moja jioni unasikia hatua zako mwenyewe, fremu zimezibwa mbao, ghorofani njiwa tu.

Sasa wana wa Tanga niambieni hii habari hamuijui? Si mkonge huo! Mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa inatoa mkonge kuliko nchi yoyote duniani, zaidi ya tani laki mbili, na mzigo mkubwa ulipita Tanga, reli ya Usambara, bandari, mashamba, viwanda. Ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakachoka, viwanda vikafunga kimoja kimoja, na leo ukishuka pale mjini karibu na bustani ya Jamhuri unakuta majengo ya Wajerumani na ya Wahindi yale mazuri, balkoni zinaoza, fremu zina kufuli lenye kutu. Nimekulia Ngamiani barabara ya kumi na mbili, naongea kitu nilichokiona.

Turudi hapa. Mwaka huo huo wa 2001 ndipo familia za kwanza za Wasomali zilipoanza kuingia Lewiston. Serikali haikuwaleta hapa, wengi walishapelekwa miji mingine kama Atlanta, wakafika mji wa Portland hapo chini, Portland nyumba hamna, wakasikia Lewiston kuna nyumba tupu tele na kodi ni nafuu, wakaambiana, simu kwa simu. Kwa mwaka mmoja na kitu tu wameshakuwa zaidi ya elfu, kwenye mji wa watu 36,000 hivi ambao karibu wote ni wazungu na ambao hela haukuwa nayo. Na sitawadanganya kwamba walipokelewa kwa maua. Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali akiwaomba wapunguze watu kuja, mji umezidiwa. Barua ikasambaa nchi nzima, na wale wazungu wabaguzi wakaona hapa ndipo pa kutia moto, wakapanga mkutano Januari 2003.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Siku ile wabaguzi walifika watu kama thelathini tu. Upande wa pili, pale chuoni Bates College, walijaa watu zaidi ya 4,000, kwenye baridi ya Januari, wazungu wa hapa hapa, bibi na babu wa viwandani, mapadri, wanafunzi, wakasema hawa ni majirani zetu. Wengi wao wajukuu wa Wakanada walioteswa vile vile, maana Maine mwaka 1919 ilipitisha sheria masomo yafundishwe kwa Kiingereza tu, watoto wakakatazwa lugha ya mama zao shuleni, na miaka ya 1920 Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, waliandamana jimbo hili kuwapinga kwa sababu ni Wakatoliki. Mtu aliyewahi kudharauliwa akikumbuka, anafungua mlango. Mimi naamini mji kati ulianza kupona siku ile, kabla hata ya duka la kwanza, kwa sababu nani atafungua duka mahali ambapo hajui kama kesho kioo chake kitakuwa kizima?

Maduka sasa. Ngoja niingie hili, mama mwenyewe ameniruhusu ila yeye hataki kuonekana. Angalieni ukuta huu, hizi rafu za mbao ni za enzi zile, zinafika mpaka darini, mbao imekuwa nyeusi kwa kushikwa, hapa ukikaa juu ya ngazi lazima ushike hiki chuma. Sasa zimejaa magauni ya Kisomali ya baati, mashuka, ubani na mafuta ya ufuta, huku chini magunia ya basmati, unga, tende, kwenye kabati la kioo sambusa za moto, na kule mwisho kuna fundi cherehani na meza ya kutuma pesa. Duka moja linafanya kazi ya maduka matano. Na mtaji je? Hawa ni Waislamu kama wengi wetu, mkopo wa riba hawautaki, na benki nazo zilikuwa haziwajui. Wakafanya mchezo! Wenyewe wanauita ayuto au hagbad, ni upatu ule ule wa mama zetu, kina mama kumi au ishirini kila mwezi wanatoa, mmoja anabeba, huyu analipa depozi ya fremu, yule ananunua friji, mwingine analeta mzigo wa nguo kutoka Dubai. Wenye majengo nao walikubali kupangisha kwa bei ya kuanzia, kwa sababu fremu tupu haimlishi mtu. Baadaye mashirika ya hapa yakaja kuwafundisha hesabu za biashara na leseni. Lakini wa kwanza kutia hela walikuwa wao wenyewe.

Na si Wasomali peke yao. Wapo Wabantu wa Somalia, na hii Watanga muisikie, asili yao ni mababu waliochukuliwa karne ya 19 kutoka Tanzania, Malawi na Msumbiji, wakiwemo Wazigua wetu kabisa, wale ambao wengine wao walirudi Handeni wakapewa makazi Chogo. Wa hapa wamefungua shamba la ushirika nje kidogo ya mji, New Roots, ekari 30, wakulima wanalimiliki pamoja, mboga zinauzwa sokoni. Wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waangola, na nyie mngewaona Wakongo wakikaa na wale bibi wa Kikanada wakiongea Kifaransa! Bibi miaka 85, lugha yake aliificha maisha yake yote, sasa amepata wa kuongea naye, wanacheka mpaka machozi.

Haya majengo makubwa ya viwanda je? Bates Mill, wamiliki wake wa zamani walishindwa kulipa kodi, mji ukabaki nayo, na kulikuwa na kelele nyingi, wengine wanataka ivunjwe yote waanze upya. Haikuvunjwa, alhamdulillahi. Msanifu majengo wa hapa hapa, Tom Platz, aliichukua kipande kwa kipande, jengo hili leo, lile miaka mitano baadaye, sasa mle ndani kuna ofisi, benki, mikahawa, nyumba za kupanga. Polepole hivyo hivyo. Na kanisa la zamani la St. Mary's wazee wa Kikanada waliligeuza ukumbi wa muziki, Franco Center.

Sio kwamba kila kitu kiko sawa. Pale nyuma ya Lisbon Street kuna mitaa yenye majina ya miti, Pine, Birch, Walnut, Maple, nyumba za mbao za miaka mingi, rangi yake ina madini ya risasi, watoto wanapata sumu, Lewiston ni kati ya sehemu mbaya zaidi Maine kwa hilo. Mwaka 2013 moto mara tatu ndani ya wiki moja na kidogo, watu kama 200 wakabaki nje. Wangeweza kuhama wote. Badala yake wapangaji, wazungu na Waafrika, walikaa vikao miaka na miaka, mkalimani anatafsiri Kisomali, Kifaransa, Kireno, watoto wanachezea pembeni, chakula cha pamoja, wakatoa mpango wao wa mtaa mwaka 2019: nyumba zipi zijengwe, taa ziwekwe wapi, watoto wacheze wapi. Na mwaka 2021 serikali kuu ikawapa dola milioni 30 kwa mpango huo. Pesa ilikuta watu wameshakubaliana.

Nilitaka kuwaonyesha na uwanja ila giza linaingia, nitasema tu, timu ya mpira ya Lewiston High School ilichukua ubingwa wa jimbo mwaka 2015, vijana wa Somalia, Kenya, Kongo na wazungu wa Maine, na kabla ya mechi wanashikana mikono katikati wanapiga kelele, kwa Kiswahili jamani, "Pamoja ndugu!" Mji mzima ulikuwa jukwaani.

Sasa nije kwa kaka yangu mmoja aliyeniandikia, na namjibu kwa heshima, anasema dada wee, Tanga tunasubiri bomba la mafuta la Hoima, Uganda, likifika Chongoleani hapo pwani ya Tanga, mwekezaji atakuja mwenyewe. Kaka, bomba lije, kheri kabisa. Lakini bomba linaishia Chongoleani, haliji kupaka rangi fremu ya mjini. Na Tanga tunao walioanza, ile Boma ya Mjerumani iliyofanywa makumbusho ya Urithi ni kazi ya watu wa Tanga waliosema haitaanguka sisi tupo. Vikundi vya mchezo tunavyo kila mtaa, tena kina mama wa Ngamiani kwa nidhamu ya hela hakuna wa kuwafikia. Kinachokosekana ni mwenye jengo, kina mama wa mchezo na halmashauri kukaa meza moja wakaongea kodi ya kuanzia, basi.

Kwa hiyo naomba kazi. Aliyeko Tanga wiki hii, ukipita mjini, piga picha fremu iliyofungwa, niandikie kwenye komenti ipo mtaa gani na kama unajua kodi wanataka kiasi gani na kwa miezi mingapi mbele, usiweke jina wala namba ya mtu. Mimi hapa nina mama watatu wenye maduka Lisbon Street wameshakubali kukaa na mimi, wataeleza mwanzo hadi mwisho, walianza na hela ngapi, walikosea wapi kwenye mkataba, wakaongea vipi na mwenye nyumba. Maswali yenu nitawasomea mmoja mmoja, kwa hiyo andikeni yale ya kweli kweli, ya hela na mikataba. Betri inakata na vidole havishiki simu tena, tukutane Jumapili inshallah.