Benga Haikuchokwa, Ilikosa Sahani

Wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Historia ya nyatiti, kinubi cha Wajaluo, leo siigusi. Tuko Kisumu. Nyuzi zake nane mnazijua, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu mnaijua, na jinsi wapiga gitaa wa miaka ya 1950 na 1960 walivyouhamishia mpigo ule kwenye gitaa, ikawa benga, mmeambiwa tangu utotoni. Naenda moja kwa moja kwa jambo ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na nitalisema mpaka litendeke.

Kila mtindo ukififia, watu husema wasikilizaji wamechoka. Twist ilipopungua, walichoka. Benga ilipopungua, walichoka. Jibu hili ni la uvivu. Mtindo hubebwa na chombo kinachousambaza, kama santuri au kanda, na chombo kikiondoka sokoni mtindo huanguka nacho, hata kama watu bado wanautaka. Ukirudi, hurudi kwa sababu mtu fulani alihifadhi mahali pa kuusikia.

Tazameni santuri hii. Ni ya inchi saba, sentimita kumi na nane hivi, inazunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika tatu hadi tano. Ukitaka kuzidisha hapo, lazima mifuo ibanane, na ikibanana sauti inashushwa na bezi inapotea. Bendi ya benga bila bezi ni nini? Kwa hiyo wimbo uligawanywa. Kwenye lebo mtaona jina la wimbo, kisha sehemu ya kwanza upande A na sehemu ya pili upande B. Upande A mwimbaji anatoa habari yake. Mnageuza, na upande B sauti inawaachia magitaa: solo inapanda juu kabisa, ridhim inamjibu, bezi inakatiza kati yao kama mkono wa pili wa nyatiti, na ngoma inasukuma. Hapo ndipo watu walipoinuka kucheza. Wengi hudhani umbo hilo la benga, uimbaji kwanza na magitaa baadaye, lilikuja lenyewe. Sahani hii ililikaza. Mpangaji alijua ana dakika ngapi, na alijua kuna mkono utakaoinuka kuigeuza.

Sasa tufuate safari ya sahani yenyewe. Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa kwetu Nyanza ambaye baadaye alikuwa mbunge, alizitoa santuri za benga kwa wingi na nyingine zikafika kusini mwa Afrika. Kule Zimbabwe watu hawakuuita muziki huo benga. Waliuita kanindo, kwa jina la mtu aliyezitoa! Hawakujua Kijaluo. Hawakumjua mwimbaji wa benga D. O. Misiani wala bendi yake ya Shirati Jazz kwa sura. Walikuwa na santuri na redio, wakachukua gitaa lile, na lilichangia mtindo wao wa gitaa uitwao sungura. Mtu akiniambia kwamba vijana wa leo hawawezi kuipenda benga kwa sababu lugha imewapita, namwelekeza Harare. Na si lazima aende mbali hivyo: Wakikuyu, Wakamba na Wakalenjin waliichukua benga kila mmoja kwa lugha yake, na mpigo haukuwashinda.

Basi kilichoibomoa ni nini? Kanda. Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu huchanganya mambo. Kutengeneza santuri kunataka kiwanda: unakata sahani mama, unapata muhuri wa chuma, unapasha plastiki moto na kuigandamiza kwa mashine. Mwizi wa barabarani hana mashine hiyo. Kanda inataka redio yenye milango miwili tu. Weka kanda hapa, weka tupu pale, bonyeza. Kufikia miaka ya 1980 nakala za wizi zilikuwa kila stendi, na pesa iliyokuwa ikirudi studio ikaishia kwa mwuzaji wa nakala. Kampuni kubwa zikafunga virago. Bendi hazikufa siku hiyo. Ziliendelea baa na kwenye harambee, na wimbo wenyewe ukabadilika, kwa sababu upande mmoja wa kanda ya dakika 60 una nafasi ya dakika 30. Hakuna tena kugeuza. Nyimbo zikarefuka, majina ya wafadhili yakaingia, pakruok, yale majigambo ya kujisifu na kusifiana, ikapata uwanja mpana. Mwimbaji wa benga Okatch Biggy aliutumia urefu huo kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo siilaani kanda. Nasema ilileta benga nyingine, na ile ya dakika tatu ikakosa mahali pa kukaa.

Kuna kijana ananiangalia na simu mkononi, najua anachofikiri: mbona yote iko YouTube? Haiko yote, mwanangu. Na iliyoko mara nyingi ina kasoro mbili. Ya kwanza, aliyenakili alipiga upande A akaridhika. Umepewa maneno bila magitaa, nusu ya wimbo, kisha unajifunzia benga hapo na unashangaa kwa nini yako haipandi. Ya pili ni mwendo. Mashine ikizunguka polepole kwa asilimia 3, wimbo wote unashuka robo toni. Mpiga gitaa anayejifunza kwa sikio anahangaika kutafuta nota kati ya freti mbili za gitaa, kumbe kosa ni la mkanda wa mashine uliolegea. Kupima ni rahisi: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ya mashine, shika saa, hesabu mizunguko kwa dakika mbili. Ikiwa 45, lazima ifike 90. Ikifika 86, usinakili chochote. Badilisha mkanda kwanza.

Na kabla ya sindano kugusa, osha. Hili naliomba kwa moyo wote, maana nyumbani kwenu zipo, chini ya vitanda, juu ya kabati, kwa nyanya. Vumbi likiwa ndani ya mfuo, sindano hulisaga kama jiwe la kusagia, na mkwaruzo huo hautoki tena. Tumia maji yaliyosafishwa, yale ya betri lakini yasiwe na asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita moja. Kitambaa laini kizungushwe kufuata mifuo, kisikate katikati. Lebo isilowe. Suuza kwa maji hayo hayo bila sabuni, simamisha ikauke kivulini. Jua la Kisumu litaipinda kwa muda mfupi sana. Kama sahani ni ya zamani zaidi, nzito, inayovunjika ikianguka, ya mizunguko 78, spiriti isiikaribie hata kidogo, kwa sababu inayeyusha kile ilichotengenezwa nacho. Tena hiyo ina mifuo mipana na inataka sindano yake. Ukiipiga kwa sindano ya 45, sindano inazama chini na kukuletea kelele ya takataka za miaka sitini.

Uzito wa sindano uwe gramu 2 hadi 3 kwa sindano nyingi za kawaida. Naona watu wanabandika sarafu juu ya mkono wa mashine ili isiruke. Jamani, acheni! Ikiruka, tafuta kwa nini: sahani imepinda, mashine haijalala sawa mezani, au sindano imekwisha. Sarafu inachimba.

Ukirekodi, tumia amplifaya yenye mlango wa fono. Bila huo, sauti inatoka nyembamba, bezi haipo, kwa sababu santuri hukatwa na bezi iliyopunguzwa makusudi na mlango huo ndio unaoirudisha. Weka faili ya WAV ya biti 24. Usiondoe kelele kwenye nakala ya kwanza. Programu ya kusafisha hula matoazi na kucha za mpiga gitaa pamoja na mikwaruzo. Piga picha lebo zote mbili na uandike namba zilizochongwa karibu na katikati. Pande zote mbili, tafadhali. Zote mbili.

Naambiwa muda umekwenda. Nilitaka kuzungumza kwa kirefu juu ya George Mukabi wa Butsotso, aliyefariki 1963, na omutibo, mtindo wake wa gitaa moja na chupa ya soda inayogongwa. Inasikika leo kwa sababu santuri zake zilikusanywa. Nilitaka pia kusema jinsi ohangla, ngoma ya Wajaluo, ilivyoingia kwenye kinanda na redio za FM za lugha za mama, na mwimbaji Tony Nyadundo akaifikisha kwa watu ambao hawajawahi kuona ngoma ya ngozi ya kenge. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, inastahili siku yake nzima. Na maprodyuza wa gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi, mlioko hapa: hifadhini mdundo peke yake na sauti peke yake, kwenye diski mbili zilizo nyumba tofauti. Mnaona 2018 ni jana, na tayari kuna kompyuta zilizokufa na kazi za mwaka huo ndani.

Mwenye kanda iliyokwama asiivute. Kama ganda lake lina skrubu tano, bisibisi ninayo. Tutahamishia utepe kwenye ganda lingine, na tutaangalia kama ule mto mdogo wa kubania utepe bado uko mahali pake. Wenye santuri waanze kwenye meza ya kushoto, iliyo na beseni. Maji yako tayari. Shikeni kwa ukingo.