Kware Saba za Mama Iy

Mabibi na mabwana, likitajwa kaburi la Misri ya kale, wengi wetu huwaza dhahabu. Leo naomba tulitazame bakuli la udongo. Ni udongo wa Mto Nile, wenye madini ya chuma, ambao ukichomwa hugeuka mwekundu. Msafara wa mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie ulilipata Qau, Misri ya Juu, katika miaka ya 1920, na sasa limo London, katika jumba la makumbusho lenye jina lake. Lina umri wa kama miaka 4,000.

Pande zote mbili limeandikwa kwa wino. Shepsi anawaandikia wazazi wake, baba upande mmoja, mama upande wa pili. Wote wawili wamekwisha kufa.

Kwa mama yake, Iy, anaanza na kware. Anamkumbusha siku alipomwagiza kware, naye akamletea saba, mama akala. Saba! Maandishi haya yalichapishwa mwaka 1928 na wataalamu wa Misri ya kale Alan Gardiner na Kurt Sethe, na kila niyasomapo hapo ndipo moyo wangu husimama: mtoto aliyefiwa bado anakumbuka hesabu ya ndege aliompelekea mamaye. Kisha ndipo anapomwaga yaliyomsibu. Anadhurika, na anayemlaumu ni ndugu yake Sobekhotep, ambaye naye ni marehemu. Si yeye Shepsi aliyemrudisha kutoka mji mwingine, akamzika kwao na kumpa nguo za kaburini? Basi mama na aamue baina yao.

Sasa, kwa nini bakuli, na mafunjo ya kuandikia yalikuwepo? Kwa sababu Wamisri waliamini marehemu hula. Jamaa walimpelekea mkate, bia na maji kaburini. Anayekuja kula hawezi kulikosa bakuli, na akishalifikia, maneno yako yanamngoja mle mle.

Kuna bakuli jingine, liko Cairo. Mama mmoja, Dedi, anamwandikia kuhani Intef, marehemu, kuhusu mtumishi wao Imiu aliye mgonjwa. Mbona humpiganii usiku na mchana? Huyu ndiye anayeishikilia nyumba yako. Mwokoe, nawe utaendelea kumiminiwa maji. Usipomsaidia, nyumba yako itabomoka.