Mwamba Umefunguliwa, Jirani Hajalala

KOMBO: Asalaam alaykum wasikilizaji. Bi Zuhra leo kanuna.

ZUHRA: Nimekosa usingizi. Mtu anapiga pweza sakafuni saa tano usiku, na mimi naishi chini yake!

KOMBO: Nimetoka Kisiwa Panza, hapa Pemba. Mwamba uliofungwa watu wasivue pweza umefunguliwa, pweza mbichi mkononi. Nimlaze kitandani?

ZUHRA: Mtie kwenye friza, kesho mwenyewe kalainika.

KOMBO: Pweza wa friza! Bibi yangu angenikana.

ZUHRA: Haya, walifunga muda gani?

KOMBO: Miezi mitatu, kipande tu cha mwamba. Kamati ya wavuvi ya shehia inakaa na wanakijiji, wanakubaliana mipaka, wanapanga zamu za ulinzi. Pweza anakua mbio. Huyu mdogo wa leo, baada ya miezi hiyo humjui. Lakini hawekeki. Jike anataga mara moja, analinda mayai tunduni hali kitu, yakianguliwa naye ndiyo kwaheri.

ZUHRA: Maskini. Akiponea hapo, anakutana na sakafu yako.

KOMBO: Umeanza! Sikiliza. Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, Wavezo, watu wa pwani wavuvi, walifunga hivihivi mwaka 2004, miezi saba. Na wana dina, sheria wanayojiwekea wenyewe mkutanoni. Ukivunja, faini.

ZUHRA: Dina inasemaje kuhusu kelele za usiku?

KOMBO: (anacheka) Nitakulipa supu.

ZUHRA: Ya nazi. Na ndimu.

KOMBO: Siku ya kufungua ni bamvua, maji yametoka mbali. Nilimwona mama mmoja, kanga kiunoni, viatu vya plastiki, anachokoa tundu. Pweza kamzinga mkono hadi kiwikoni. Kamgeuza kichwa ndani nje, kwisha.

ZUHRA: Alipata wangapi?

KOMBO: Wawili.

ZUHRA: Na vijana wa miwani na ngalawa?

KOMBO: Hao... walijaza ndoo.

ZUHRA: Basi! Aliyekaa miezi mitatu bila kitoweo ni yule mama, anayevuna ni mzamiaji. Siku ya kwanza iwe ya wanawake peke yao.

KOMBO: Na waliokesha kulinda? Mafuta ya boti walichanga wao.

ZUHRA: Mama naye kachanga. Kachanga njaa.

KOMBO: Ukiwafungia nje vijana, zamu ijayo hakuna atakayekesha. Wageni wa dago, wavuvi wanaokuja kupiga kambi, watavua mwamba wote usiku mmoja.

ZUHRA: Wape siku ya pili.

KOMBO: Siku ya pili kumebaki nini, Bi Zuhra? Mapango.

ZUHRA: Ndiyo anachobakiwa nacho mama leo!

KOMBO: Sikubali.

ZUHRA: Usikubali.

KOMBO: (kimya) Tuliandika mambo matatu ya kujifunza.

ZUHRA: Fundi anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili.

KOMBO: Moja: mipaka iwe na maboya yanayoonekana...

ZUHRA: Mbili: pweza apondwe mchana.

KOMBO: Hilo halimo!

ZUHRA: Limo sasa. Wasikilizaji wa Mkoani na Micheweni, tutumieni sauti: siku ya kwanza ya nani?

KOMBO: Ya walinzi.

ZUHRA: Ya wanawake. Fundi, zima.